MLB The Show 24: slaida za wapigaji wa kompyuta zinafaa, ila anza na mrushaji wako

MLB The Show 24 ni mchezo wa video wa besiboli, na slaida zake, yaani namba za kurekebisha ugumu na uwezo wa wachezaji, ndizo zinazoupa maisha marefu. Zinakwenda kutoka 0 hadi 10, zote zinaanzia 5, na za kupiga zimegawanywa: upande wako na upande wa kompyuta. Unaweza kumrekebisha mpigaji wa kompyuta bila kugusa gongo lako. Upungufu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Hakuna slaida ya subira, yaani ya kumfanya mpigaji wa kompyuta aache mipira inayotoka nje ya eneo la straiki (mpira ukipita humo ni straiki, na straiki tatu zinamtoa mpigaji). Matokeo yake woki (mipira minne ya nje, mpigaji anakwenda beisi ya kwanza bure) zinakuwa adimu, na watu wanakimbilia kurekebisha slaida isiyohusika.

Inayoponza wengi ni Strike Frequency ya kompyuta, yaani mara ngapi mipira inarushwa ndani ya eneo hilo. Hiyo inawaongoza warushaji wa kompyuta, kwa hiyo inabadilisha woki zako wewe. Woki za kompyuta zinatoka mkononi mwa mrushaji wako. Shusha Control (usahihi wa mrushaji) ya upande wako hadi 3 na Consistency (uthabiti wake) hadi 4, kisha rusha kwa mtindo wa Classic, ambao unaacha viwango vya mrushaji viamue mpira utatua wapi. Pinpoint, mtindo wa kutegemea ustadi wa mkono wako, iliyoingia katika toleo la 2021, ni tamu kweli, lakini mkono ukishaizoea hata mrushaji wa kawaida anapiga kona za eneo kama bingwa, na hapo woki usizitarajie. Zima pia ugumu unaopanda wenyewe kadiri unavyofanya vizuri, la sivyo kila mechi unaipima kwa mizani tofauti.

Sasa ndiyo uende kwenye Contact ya kompyuta, yaani uwezo wa mpigaji kuugusa mpira kwa gongo. Ishushe hatua moja tu, hadi 4. Ukiiangusha hadi 2 kwa mara moja, wanaotolewa kwa straiki wanaongezeka, lakini zamu zinakwisha upesi na mrushaji wako anaingia ininga (awamu) ya nane kati ya tisa bado ana nguvu. Hilo linatibiwa na Foul Frequency (mipira inayopigwa nje ya mstari) ya 6 au 7. Mpigaji aliyebanwa na straiki mbili anaukata mpira nje ya mstari, anakata mwingine, anakata wa tatu. Kufika ininga ya sita mrushaji ameshatupa mipira 90 na inabidi umwandae wa akiba. Huo ndio mwendo wa besiboli yenyewe.

Alama zikiwa nyingi mno, shusha Solid Hits (mapigo yanayoukamata mpira barabara) kabla ya Power (nguvu ya pigo). Kushusha Power kunapunguza homurani (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja), ila mipira mikali inayopita katikati ya walinzi inabaki palepale.

Usihukumu kwa mechi moja. Cheza 10 za ininga tisa, uhesabu upande wa kompyuta. Katika ligi kuu ya Marekani mwaka 2023, asilimia 22.7 ya zamu ziliishia kutolewa kwa straiki, asilimia 8.6 zikawa woki, wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio ambapo pigo linamfikisha mpigaji beisi) ukiwa .248. Timu ilipata zamu kama 38 kwa mechi. Kwa zamu 380, basi, tafuta kama 86 za kutolewa kwa straiki, woki 33 na homurani 12. Ukibadilisha, badilisha slaida moja kwa hatua moja, kisha hesabu upya.

Hesabu hiyo ikikaa sawa, bado angalia mpigaji mmoja mmoja, maana slaida inawasukuma wote kwa pamoja. Mwaka 2023 mpigaji Luis Arraez alipiga wastani wa .354 na kutolewa kwa straiki mara 34 tu. Mwenzake wa ligi hiyo, Kyle Schwarber, alipiga .197, homurani 47, woki 126, akatolewa kwa straiki mara 215. Ukikutana nao na wote wawili wakawa wanakosa mpira kwa kiasi kilekile, Contact umeishusha kupita kiasi. Irudishe hatua moja, na pengo lililobaki lifidie kwenye Control.