Kibanda cha vitabu vya mitumba karibu na stesheni ya Tabora

Abiria anayesubiri treni ya Kigoma hapa Tabora atakuta, hatua chache kutoka stesheni, kibanda cha mbao kinachouza vitabu vilivyokwisha kusomwa. Bei ni nafuu (riwaya yangu niliipata kwa shilingi 3,000), na muuzaji anaijua bidhaa yake kiasi cha kumweleza mteja ni riwaya ipi inasimulia siku moja na ni ipi inafuata ukoo mzima hadi vitukuu. Nilimwomba ya namna ya pili, kwa kuwa napenda kuona jinsi mwandishi anavyoupitisha muda.

Katika ukurasa wa 96 binti anamkokea baba yake mgonjwa moto wa maji. Ukurasa unaofuata ana watoto wawili, na kila masika hulima shamba peke yake. Nilidhani mwandishi ameruka miaka kwa makusudi, nikaisifu hata hiyo hu- iliyokunja misimu mingi ndani ya kitenzi kimoja, ilhali awali -ka- ilikuwa ikisogeza tukio moja moja: akainama, akapuliza, akakohoa. Tulikuwa tumefika Uvinza nilipotazama namba: 96, kisha 113. Karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mkunjo mmoja mzima ulikuwa umenyofoka.

Niliporudi, muuzaji aliniomba radhi bila ubishi, na baada ya siku tatu akanipatia nakala nyingine. Kumbe kurasa zote 16 ni za usiku ule mmoja: jogoo la kwanza, maji yanayopoa na kuchemshwa upya, mgonjwa anayeuliza kama kumekucha. Miaka ilirukwa kweli, tena kwa sentensi moja, lakini safari hii nilikiweka kitabu chini kwanza kabla ya kuendelea, jambo ambalo ndani ya behewa halikunitokea. Mhakiki Mfaransa Gérard Genette alionyesha mwaka 1972 kwamba mwendo wa masimulizi hupimwa kwa kulinganisha muda wa matukio, yaani saa na miaka, na urefu wa matini, yaani mistari na kurasa. Basi anayeuza riwaya pungufu humuuzia msomaji mwendo ambao mwandishi hakuukusudia.

Kwa sababu hiyo nilimsihi muuzaji azikague namba za kurasa kabla ya kukipanga kitabu mezani. Wiki iliyopita nilipopita tena, nilikuta ameandika kwa penseli ndani ya majalada: "Kurasa zimetimia."