GParted Live: nzuri kwa diski iliyobanwa, mradi umeme usikatike

GParted ni programu ya bure ya kugawa diski, iliyoanza kutolewa mwaka 2004, na toleo lake la Live huwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa popote. Tumeitumia katika duka letu la stesheneri Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kompyuta ambayo Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa imebanwa katika partisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) ya GB 25, huku Windows, ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua tena, ikiwa imekalia sehemu kubwa ya diski. Kwa kazi ya namna hiyo sijaona programu inayoishinda.

Hata hivyo, si kila anayeambiwa kuwa nafasi imekwisha anaihitaji. Amri ya df -h, inayoandikwa kwenye terminali ya Linux, huonyesha partisheni iliyojaa. Nayo df -i huonyesha kama kilichokwisha ni ainodi (nafasi za kusajili faili, kila faili moja yake) wala si gigabaiti, jambo linalotokea faili ndogo ndogo zinapolundikana kupita kiasi. Na pale df inaposema diski imejaa ilhali du, amri inayojumlisha ukubwa wa faili, haioni kilichoijaza, mara nyingi ipo faili iliyofutwa ambayo programu fulani bado imeishikilia, na lsof +L1 itaitaja. Sisi tulianza kwa kupunguza logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) kwa journalctl --vacuum-size=200M na kuondoa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) za zamani kwa apt autoremove, lakini nafuu hiyo haikudumu.

Ikishawaka, GParted huchora diski nzima kama ukanda mmoja: njano ni nafasi iliyotumika, nyeupe ni iliyo wazi ndani ya partisheni, na kijivu ni ile ambayo haijagawiwa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakuna kinachotendeka papo hapo, kwa kuwa kila agizo hupangwa kwenye foleni chini ya dirisha na linaweza kutenguliwa, mpaka mtumiaji abonyeze alama ya vema. Partisheni yenye alama ya ufunguo inatumika, kwa hiyo huachiliwa kwanza. Ikiwa ni ya swap, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM, hubofywa kitufe cha kulia na kuchaguliwa Swapoff. Windows nayo izimwe kabisa kabla ya kuanza, kwani ikiwa imelazwa tu, partisheni yake ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) haikubali kupunguzwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye mpaka. Nafasi mpya ni lazima ipakane na partisheni inayopanuliwa, na ikiwa iko kulia kwake, ext4, mfumo wa faili wa Ubuntu, hupanuka haraka. Lakini ikiwa kushoto, kama ilivyokuwa kwetu, mwanzo wa partisheni husogezwa, maana yake data yote hunakiliwa upya kipande kwa kipande, na kwenye diski ya HDD (ya sahani zinazozunguka) kazi hiyo huchukua muda mrefu. Umeme ukikatika katikati, vyote vilivyomo vinaweza kupotea, na hapa Mbeya, msimu wa mvua na radi kati ya Novemba na Aprili, kukatika huko si jambo la kushangaza. Kwa hiyo tulinakili kwanza kazi za wateja kwenye diski ya nje, kisha tukaichomoa diski yenyewe na kuiunganisha kwa USB na kompyuta mpakato yenye betri nzima. Anayefuata njia hii aangalie vizuri kona ya juu kulia, achague diski iliyounganishwa kwa USB (kwetu ilikuwa /dev/sdb) na si ya mpakato yenyewe (/dev/sda), la sivyo ataikata diski ya mpakato. (Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mimi nisingeigusa kabisa.)

Wenye seva wana mipaka mingine. XFS, mfumo mwingine wa faili, huongezwa tu, haipunguzwi, na GParted haiwezi kubadilisha hilo. Kwenye LVM, mpango wa Linux wa kugawa diski kwa matabaka, GParted hugusa tabaka la chini pekee. Vigawanyo vya ndani hupanuliwa kwa lvextend, ambayo pamoja na chaguo la -r hupanua na mfumo wa faili uliomo, mara nyingi bila hata kuzima mashine.