Mipira ya elfu ishirini na tano dhidi ya mashine ya milioni: mazoezi ya kupunguza mwili kwenye sebule ya kupanga

Kwa anayepanga chumba na sebule kama mimi hapa Tabata, Dar es Salaam, nunua mipira ya kuvuta, ile mirefu yenye mishikio, pamoja na mkeka mmoja wa maana. Kwenye video tafuta za kutembea papo hapo. Tredimili, ile mashine ya umeme ya kukimbilia ndani, waachie wenye nyumba zao. Nayasema haya baada ya kuvitumia baadhi ya vifaa hivi nyumbani, kuvijaribu vingine kwa wateja wangu, na kuvikagua vilivyobaki Kariakoo hadi muuzaji mmoja akaniuliza kama ninanunua au ninafanya utafiti.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nimekaa, mgongo umeinama, na msimu wa harusi ukipamba moto chakula changu cha mchana ni chapati mbili na soda juu ya meza ya kukatia. Mwili ukaongezeka, hilo halina maajabu. Ila kazi hii imenifundisha kuamini futikamba kuliko mizani na kuliko picha iliyo kwenye boksi la kifaa. Mizani inapanda na kushuka kwa maji tu. Kiuno kikipungua inchi mbili, gauni linasema lenyewe.

Nianze na mipira, maana ndiyo ninayoipenda. Seti yangu ina mipira mitano ya unene tofauti, mishikio miwili, vifungo viwili vya miguuni na mkanda wa kubania mlangoni. Bei ilianzia 40,000, tukapatana 25,000. Ule mkanda wa mlangoni sijautumia kabisa, kwa sababu nyumba zetu zina nondo madirishani, na nondo ni mahali pazuri mno pa kufungia. Unapitisha mpira kwenye nondo, unarudi nyuma hatua mbili, unavuta viwiko kuelekea mbavuni huku mabega yakirudi nyuma. Kwa sisi tunaoinamia mashine siku nzima, zoezi hili peke yake linatosha kulipa bei ya seti nzima. Kwanza zungushia nondo kipande cha khanga kuukuu. Nondo yenye kutu ina vimeno vidogo, na vimeno hivyo vinaula mpira polepole bila wewe kujua.

Na kagua mpira kila unapouchukua. Uvute kidogo kwenye mwanga uone kama una nyufa ndogondogo, hasa pale unapoingia kwenye kifungo cha chuma. Mmoja wangu ulikatikia hapo hapo nikauona mkono wangu ukivimba mstari mwekundu. Mpira hauelewani na jua, kwa hiyo usiuanike dirishani baada ya jasho. Ufute, upake poda kidogo isigandane, uutundike kivulini.

Mtu atauliza, mpira unapunguzaje mwili wakati hata jasho halitoki sana? Swali zuri. Ukipunguza kula bila kufanyisha misuli kazi, unapoteza mafuta na misuli pia, halafu unabaki mwembamba uliolegea. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu ya hapo mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mpira unabeba hizo siku mbili. Dakika zinabebwa na miguu.

Dambeli, vile vizito vya kunyanyua kwa mkono, nazo ni nzuri, sina ugomvi nazo, ila angalia unachouziwa. Zile za plastiki za rangi zinazong'aa mara nyingi ndani zimejazwa saruji au mchanga; zikianguka kwenye vigae, ama kigae kinapasuka ama zenyewe. Za chuma zinadumu, na bei yake inakwenda kwa kilo. Vijana wa mtaani kwetu wana zao za makopo ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati, na vifua vyao mnaviona. Anayeanza achukue chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo moja na nusu kila mkono, bure kabisa.

Mkeka nunua wenye upana wa inchi 24 na unene wa milimita sita hivi. Ule mnene laini wa kama godoro unapendeza ukilala, lakini ukisimama juu yake kwa mguu mmoja unayumba. Mkeka wa ukindu kwenye vigae unateleza, uache kwa wageni.

Kamba ya kuruka ni rahisi na inachoma kweli. Kwangu imeshindikana: dari liko chini, feni inaning'inia, na chini yangu kuna mama mwenye mtoto mchanga. Hata ukiwa na uwanja, kama mwili umeshakuwa mkubwa na magoti yanalalamika, usianzie hapo. Kila mruko unaangushia goti uzito wako wote na zaidi.

Sasa hii mikanda ya kubana tumbo. Hapa naomba mnisikilize kwa sababu mimi ndiye ninayekumbana na matokeo. Mteja anakuja kupimwa amevaa mkanda ndani, hasemi. Nampima kiuno inchi 36, nakata kitambaa, nashona. Siku ya kujaribu anakuja bila mkanda, zipu inagoma katikati ya mgongo. "Fundi, umenibana!" Nachukua futikamba mbele yake: 39. Inchi tatu zimerudi mahali pake, na kitambaa kimeshakatwa. Mkanda unasukuma nyama, hauyeyushi kitu. Jasho linalotiririka chini yake ni maji, ukinywa glasi mbili yamerudi. Mashine za kutetemesha tumbo ni ndugu wa mikanda hiyo, ila zinatumia umeme.

Tukija kwenye umeme, tredimili. Ni kifaa kizuri, sitaki kukipaka matope. Mvua za masika zikinyesha na barabara yenu ni tope tupu, aliyenayo ananishinda. Lakini piga hesabu kabla hujafungua pochi. Mota ya nguvu farasi moja na nusu inaweza kula zaidi ya kilowati moja ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Nusu saa kila siku inaweza kukufikisha karibu uniti 15 kwa mwezi. Kama uko kwenye lile kundi la TANESCO, shirika la umeme, la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, basi uniti hizo 15 zinaweza kukurusha kwenye bei ya juu. Halafu inataka nafasi nyuma yake, ukiteleza usije ukabamizwa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya mwendo inasimama ghafla, wewe bado unaendelea. Na mkanda wake unataka mafuta maalumu ya silikoni. Wapo wanaoweka mafuta ya cherehani kwa sababu yapo kila duka. Mafuta hayo yanaharibu ule mkanda. Natumia mafuta ya cherehani kila siku, na kwenye tredimili siyaweki hata tone.

Video. Nilizozirudia mwenyewe bila kujilazimisha ni za Leslie Sansone, yule mama wa Kimarekani wa kutembea ndani ya nyumba. Hatua zake kuu ni nne tu: kutembea papo hapo, hatua za pembeni, kurusha mguu mbele, na kuinua goti. Anahesabu kwa maili, na maili moja ni kama robo saa. Hakuna kuruka, jirani wa chini hajui kama unafanya mazoezi, na Kiingereza chake hakina haja ya kukielewa. Ukimtazama miguu umemaliza. Anaongea sana, hilo nakubali. Mimi namnyamazisha naweka taarabu, na mwendo unakubali vizuri tu.

Adriene Mishler wa Texas, yule wa yoga, namweka kwenye siku za mgongo kuuma. Haendi mbio na anakuonyesha namna ya kulegeza pozi lililokushinda. Usimtegemee kwa kupunguza mwili, mtegemee ili kesho uweze kuinuka kitandani na kurudi kwenye mazoezi. Mwenye watoto nyumbani ajaribu zile za Joe Wicks alizowatangazia wanafunzi wa Uingereza mwaka 2020 shule zilipofungwa. Wanangu walizipenda kuliko mimi. Mimi nilikuwa hoi kabla ya nusu.

Zile zinazoahidi tumbo bapa kwa wiki mbili, sitaji majina, zinakuchosha misuli ya tumbo na tumbo linabaki pale pale. Mwili hauchagui mafuta ya sehemu unayoifanyisha mazoezi. Kwa wateja wangu mara nyingi naona uso na mikono vinatangulia kupungua, kiuno kinachelewa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Bando nalo ni gharama. Nashusha video usiku kwa bando la usiku, kwa ubora wa 360p, inatosha kabisa kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la vifungo. Ziko pia za Kiswahili za walimu wa zumba wa hapa hapa mjini, muziki wake mtamu, ila nyingi zimepigwa watu wakiwa wengi na kamera inahama; hujashika hatua, imeshaenda kwa mtu mwingine. Kwa uchangamfu wa namna hiyo bora ujiunge na jogging za Jumamosi alfajiri, ambako unakimbia polepole nyuma ya ngoma na nyimbo.

Na tusidanganyane kuhusu chakula. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, kwa mtu wa kilo 80, inachoma kalori kama 150 hadi 200. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina karibu 150. Chapati moja ya mafuta inapita 200. Nilipoiacha ile soda ya mchana, futikamba ilianza kusogea kuliko kwa kifaa chochote nilichokitaja hapa. Chapati imebaki moja, siiachi.

Kuna mteja wangu anahamia Dodoma na anauza baiskeli yake ya mazoezi kwa laki mbili na nusu. Ya aina ile inayobana gurudumu kwa sumaku, haina kelele, na boksi lake linasema inabeba hadi kilo 110. Zile za bei ya chini zinabana gurudumu kwa kipande cha feliti kinacholika. Hii haina tatizo hilo. Kwa magoti baiskeli ni rafiki kuliko kamba na tredimili, ila kiti chake kigumu, nitakishonea mto. Nimemwambia asiiuze kwanza, Jumapili naenda kuipima, maana mlango wangu una inchi 30 na sebule tayari ina cherehani mbili.