Viti Vyangu na Maji Yao ya Chumvi

Naandika haya hasira bado ziko kichwani, kwa hivyo mkiona mahali nimezidisha mnisamehe. Lakini ule mgongo wa kanzu ya mjomba, huo sikuzidisha hata kidogo.

Gari langu lina viti vya ngozi rangi ya malai. Liliposhuka Kilindini likitoka Japani watu walinionya mapema: viti vyeupe Mombasa hii, na jua hili, na jasho hili, na watoto na madafu yao? Nikawaona wanga tu. Miaka miwili mambo yalikuwa mazuri, halafu rangi ikaanza kunikimbia. Ubavu wa kiti cha dereva, pale unapojisugua ukiingia na kutoka, ukageuka rangi ya chai. Kiti cha nyuma kikanywa buluu ya jinzi mpya ya kijana wangu. Nikasema safari hii sitaki wale vijana wa ndoo na tambara, nitakwenda kwa waosha magari wenye bango.

Basi nikaenda kwa wenye bango. Ni barabara ya kuelekea Bamburi, na zaidi ya hapo sisemi, sababu mtaiona mbele. Elfu tatu na mia tano, kuosha viti na kuvipaka mafuta ya ngozi. Nikaliacha gari asubuhi, nikalifuata alasiri, na nikifungua mlango, wallahi, nilifurahi. Viti vinang'aa kama halua imetolewa motoni sasa hivi. Nikatoa na mia mbili ya soda juu yake. Mjinga mie.

Usiku ule kulikuwa na nikahi Mji wa Kale. Nikampitia mjomba, ndiye msimamizi wa bibi harusi, amevaa kanzu yake ya kudarizi kwa mkono, ile inayolala sandukuni na vipande vya udi na kutolewa kwa siku kama hizo tu. Kongowea kwenye kona akateleza kitini mpaka bega likagonga mlango. "Mwanangu, umeweka samli hapa?" Tukacheka. Tulipofika upande wa Ngome akashuka, akanipa mgongo, na chini ya taa ya barabarani nikaona. Kiti changu chote kimejichora kwenye kanzu. Mishono miwili ya kushuka, mshono wa kati, hata vile vitundu vidogo vya ngozi vimetoka nukta nukta, rangi ya kijivujivu inayometa. Nami nikanyamaza. Naam, nilinyamaza, nikamwacha aingie msikitini akakae safu ya mbele. Aliyemwambia ni mtoto mmoja, baada ya watu kula halua na kahawa: "Babu, mgongoni una ramani."

Kanzu imefuliwa mara tatu. Ramani bado ipo, imefifia tu.

Baadaye ndipo nilipojua walichopaka. Ni yale maji ya silikoni ya kung'arishia dashibodi na magurudumu, sawa kabisa na wanayopaka matairi, chupa moja. Kwenye ngozi hayaingii popote, yanakaa juu yakingoja nguo ya mtu.

Kama ingekuwa hayo tu, ningemeza. Siku tatu nne baadaye, gari limekaa juani, mafuta yale yamepungua, nikaona unga mweupe umeandamana na mishono. Nikadhani ni vumbi. Nikapangusa, ukaondoka, kesho yake ukarudi. Na kwenye dashibodi taa nyekundu ya eabegi imewaka haizimiki. Fundi wa umeme wa gari pale Makupa akalala chini na tochi, akachomoa soketi ya nyaya chini ya kiti cha abiria, akanionyesha: imeota kutu ya kijani. "Hapa pamemwagwa maji," akasema, "na si maji mazuri." Elfu moja mia tano nyingine ikaenda.

Nikarudi kule. Sikwenda kupigana, naapa. Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga vizuri. Yule mwenyewe, au msimamizi, sijui, amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula viazi vya karai, akasikiliza nusu ya sentensi yangu ya kwanza. Halafu akasema, bila hata kuinua macho kwenye ukwaju wake:

"Mama, ngozi hiyo imezeeka. Halafu haya mambo ya gari, siku nyingine mtume mzee aje."

Mtume mzee aje. Gari kwa jina langu, mkopo kwa mshahara wangu, kiti cha dereva kimechakaa kwa makalio yangu mwenyewe, na mzee mwenyewe ni marehemu mwaka wa sita. Sikumwambia hilo la mwisho. Nilimuuliza jambo moja tu: "Hapa mwaosha kwa maji ya bomba au ya kisima?" Akacheka. "Maji ni maji, mama."

Kwa msomaji asiye wa huku: maji ya bomba ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule na Baricho, na hayafiki kila mtaa kila siku. Anayehitaji maji mengi huchimba kisima. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe na bahari iko pande zote, basi maji ya visima vingi ni ya chumvi, mengine kidogo, mengine unaweza kuungia mchuzi. Kuosha tairi hayana neno. Lakini ukiyamwaga kwenye kiti chenye vitundu na mishono, maji yakikauka chumvi inabaki, na kila hewa ikiwa na unyevu inavuta maji tena, ikikauka inatoka tena juu. Unga wangu ule.

Nikaenda kwenye tangi lao jeusi, nikafungua bomba, nikachovya kidole, nikaonja. Mbele ya wateja. Nimezaliwa kisiwani, ladha ile siipotezi. Nikamwambia, "Haya, njoo wewe uonje, au tumtume mzee?" Watu wawili watatu wakacheka na yeye akarudi kwenye viazi vyake. Pesa sikurudishiwa. Sijui hata kama niliziomba, nilikuwa natetemeka.

Hapa ndipo nilipotaka kumalizia: msiende, kwisha. Lakini haitakuwa haki.

Nikiwa nageuza gari kijana mmoja mwenye mabuti ya mpira akaja dirishani, yule yule niliyempa mia mbili. Akanong'ona: "Mama, pole. Jumapili nitakuja kwako, nitavisafisha mimi. Uwe na maji ya bomba." Nikamtazama. Kwa nini nimwamini? Sikuwa na sababu, nilimpa nambari tu.

Jumapili alikuja na mfuko wa rambo. Ndani: brashi laini ya viatu, vitambaa vile vya manyoya mafupi, shampuu ya watoto, na chupa mbili za maji ya betri. Nikashtuka, nikadhani asidi. Akacheka, akasema hapana mama, ni maji yaliyotolewa madini tu, yale ya kuongezea kwenye betri, hayana chumvi hata chembe. Hayo ni ya kuondolea ile chumvi. Akalowesha kitambaa, akakikamua mpaka hakidondoshi, akafuata mshono mmoja mmoja kama mtu anayefuta machozi ya mtoto, anageuza upande wa kitambaa kila mara. Kitini hakumwaga hata tone.

Halafu akaanza kuosha. Matone machache ya shampuu kwenye bakuli la maji, brashi inachovywa kwenye povu, povu ndilo linalosuguliwa. Akafanya nusu ya kiti kwanza makusudi nione. Povu liliingia jeupe likatoka rangi ya chai ya rangi. Nilidhani ni rangi ya ngozi inayobanduka, moyo ukanienda mbio. "Hii si rangi, mama. Ni jasho na losheni ya miaka miwili." Akapangusa, akakausha. Na ile nusu haikung'aa. Ilikuwa imefifia, laini kuguswa, malai kabisa kama siku liliposhuka bandarini. Nikamwambia mbona haing'ai? Akanijibu jambo ambalo sikuwa nimelijua siku zote hizi: ngozi ya gari ikitoka kiwandani haing'ai. Ukiiona inang'aa, ni mafuta ya mwili au ni mtu amekupaka kitu.

Akanifundisha na mengine. Viti vya magari ya siku hizi, vingi, ngozi yake imepakwa rangi na juu yake ina utando mwembamba wa plastiki. Dondosha tone la maji: likikaa juu kama kwenye jani la myugwa, ina utando; likizama na kuacha doa la giza, hiyo ni ngozi tupu, usiguse na sabuni yoyote kabla ya kuuliza. Kwenye yenye utando, adui wa kwanza ni uchafu, na mafuta ya ngozi ni kidogo sana, kwa kitambaa, unasubiri, unapangusa yaliyobaki. Sabuni ya unga usithubutu, ni kali, inakula ule utando. Haya yote ameyajua vipi na bosi wake hayajui? Alikaa kwa fundi wa kushona viti Mwembe Tayari kabla ya kuja kushika mpira wa maji.

Sasa na mie nikiri yangu. Aliponusa kiti cha dereva alikunja uso. "Mama, umewahi kupaka mafuta ya nazi?" Nimewahi. Mwaka mzima. Mama yangu alipaka kila kitu mafuta ya nazi, nywele, milango, mikoba ya ngozi, na mimi nikaona ngozi ni ngozi. Kumbe mafuta yale yalibaki kwenye mishono yakavunda, na ile harufu niliyokuwa nikimlaumu mwanangu na viatu vyake vya kuchezea mpira ilikuwa yangu. Kwa hivyo yule mla viazi aliposema ngozi imezeeka, kidogo, kidogo tu, hakukosea. Ubavu wa kiti cha dereva una nyufa. Bosi aliniahidi mafuta yatazifunga. Kijana alipitisha ukucha juu yake akasema hapa mafuta hayasaidii, hapa ni kujaza na kupiga rangi upya, na hiyo kazi mimi siifanyi.

Kwa hili la mwisho peke yake ningempa kumi kwa kumi. Lakini ukienda kule utampata nani? Nyota moja kwa mahali pale, basi, na hiyo moja ni ya kijana. Jina la mahali silitaji kwa sababu bado anafanya kazi hapo na ana mtoto mdogo. Msiende. Au ukienda, muulize mwenye mabuti ya mpira, na ubebe madumu yako ya maji. Hapana, msiende. Mtu anayekwambia mtume mzee aje hafai kupewa hata mia.

Ijumaa iliyopita nilimpitia mjomba tena. Viti vimekauka, safi, havina kitu. Nikamweleza yote njia nzima ya kutoka mlangoni kwake hadi garini. Akaitikia, eeh, eeh, mashallah. Kisha akainama, akapapasa kiti kwa kidole kimoja, akakinusa kidole, akatoa leso ya shangazi mfukoni, akaitandika, ndipo akakaa.