Kadi ya mkopo kwa asiyewahi kukopa benki: ipi uanze nayo ukiwa Mwanza

Muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba anaweza kuzungusha mamilioni msimu mzima na bado afisa mikopo akamwona kama mtu aliyefika mjini jana. Fedha yake inapita mkononi, kwenye daftari na kwa wakala wa simu. Benki haijawahi kumwona akikopa na kurejesha. Fundi wa injini za boti kule Igombe, mwalimu wa ajira mpya Sengerema na nesi aliyeanza kazi Bugando wako hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wao.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kadi ya mkopo inakulipia kwa hela ya benki, nawe unairudisha baadaye. Kadi unayotolea hela ATM si kadi ya mkopo, wala zile kadi pepe za mitandao ya simu za kulipia vitu mtandaoni. Hizo zinatumia hela yako mwenyewe, na hata ukizitumia miaka kumi hazikuandikii historia ya kukopa. Historia hiyo inatunzwa na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu (BoT), kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Kwao kunaandikwa ulichokopa, ulivyorejesha na siku ulizochelewa. Kwa hiyo kabla ya kuulizia riba, muulize afisa hivi: "Marejesho ya kadi hii mnayapeleka kwenye kampuni za taarifa za mikopo kwa jina langu?" Akibabaika, omba kuonana na mkubwa wake.

Nafasi ya kwanza: kadi inayodhaminiwa na amana yako

Unaweka fedha benki, mara nyingi kama amana ya muda maalumu, ile watu wanayoiita fiksi, nayo benki inakupa kadi yenye kikomo, yaani kiasi cha juu unachoweza kudaiwa, kisichozidi amana hiyo. Ukishindwa kulipa, wanakata kwenye amana. Kwa kuwa hawabahatishi, hawakudai historia ndefu. Kwa mfanyabiashara asiye na mshahara, sioni njia bora kuliko hii: inakujengea jina, na kikomo kinakuzuia kuzama kwenye deni lisilolipika.

Benki kadhaa zina matawi Barabara ya Kenyatta na maeneo ya jirani, kwa hiyo zungukia angalau tatu kwa siku moja. Uliza kama amana itaendelea kupata riba, ada ya kadi kwa mwaka ni kiasi gani, wanakata nini ukilipia kwa dola, na amana itaachiwa lini. Nenda na namba ya NIDA, TIN, leseni ya biashara na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Kama mauzo yako yanaingia kwa lipa namba, chukua na taarifa ya hiyo, maana inaonyesha mzunguko ambao daftari haliwezi kuuthibitisha. Ila usiweke mtaji wa msimu. Weka hela ambayo unaweza kukaa mwaka mzima bila kuigusa.

Kuna jambo moja ambalo afisa wa benki hatakwambia. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika na hela mwaloni inakauka. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, lakini benki inafuata kalenda ya ukutani. Tarehe ya kulipa ambayo leo inaangukia mwisho wa giza, wakati mifuko imejaa, baada ya mwaka itakuwa imehama kwa siku 11 hivi, yaani imeshaingia kwenye mbalamwezi. Mtu wa dagaa anayesubiri tarehe ndipo atafute hela atachelewa tu, hata kama biashara yake ni nzuri, na kuchelewa huko kutaandikwa. Dawa yake ni kulipa giza linapoisha, bila kungoja tarehe. Benki haikatai hela iliyowahi.

Nafasi ya pili: kadi ya mwenye mshahara

Kama mshahara wako unapitia benki, kwako hii ndiyo ya kwanza. Hufungi hela yoyote. Barua ya mwajiri na salari slipu za miezi mitatu hadi sita kwa kawaida zinatosha. Hatari yake ni kikomo kikubwa. Makato ya mikopo ya watumishi yanatakiwa yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara, lakini deni la kadi mara nyingi halipiti kwenye salari slipu, kwa hiyo hakuna wa kukulindia hiyo theluthi. Wakikupa kikomo cha mshahara wa miezi miwili, omba kipunguzwe hadi nusu mshahara.

Nafasi ya tatu: SACCOS

Hiki ni chama cha akiba na mikopo; si kadi, ni ngazi ya kuifikia. Unaweka akiba, unakopa kidogo, unarejesha kwa wakati, na ukienda benki una cha kuonyesha. Hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kwamba inapeleka taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, ni msaada mkubwa wa mtaji, ila inatolewa zaidi kwa kikundi.

Nafasi ya nne: mikopo ya simu

Songesha ya M-Pesa na wenzake wanaokoa pale hela inapopungua kidogo kukamilisha muamala. Kwa kujenga historia ni njia ya gharama. Tuseme umekopa 100,000 na unarudisha 110,000 baada ya siku 30: hiyo ni asilimia 10 kwa mwezi mmoja. Kadi yenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi ingekudai 3,000.

Usiguse kabisa: programu za mikopo zisizo na leseni

Novemba 2024 BoT ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nyingine zinachota namba zote za simu yako, ukichelewa zinamtumia ujumbe hadi mama mkwe. Huo ni mkopo wa kausha damu uliohamia kwenye simu. Hakiki jina la mkopeshaji kwenye orodha ya BoT kwanza.

Ukishaipata kadi

Usiitolee hela ATM. Kishawishi ni kikubwa, kwa sababu mwaloni unataka taslimu au lipa namba, lakini hela ya ATM kwa kawaida ina ada yake na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Manunuzi ni tofauti: ukilipa deni lote ifikapo tarehe, kadi nyingi hazitozi riba. Lipia tiketi ya ndege, vipuri unavyoagiza mtandaoni au mafuta kwenye kituo kinachopokea kadi, na usivuke theluthi ya kikomo.

Na usilipe kile kiwango cha chini wanachokuandikia. Deni la 400,000 kwa riba ya asilimia 3 linazaa 12,000 kwa mwezi. Kiwango cha chini kikiwa asilimia 5, unalipa 20,000, na deni lenyewe linapungua kwa 8,000 tu.

Baada ya miezi 12 bila kuchelewa, omba ripoti yako kwenye kampuni ya taarifa za mikopo, kagua kama jina na namba ya NIDA viko sahihi, kisha ipeleke benki uombe kadi isiyo na dhamana na amana yako iachiwe. Wakikataa, ripoti hiyo hiyo ipeleke benki ya jirani.