Halloween III: Filamu ya Kutisha Iliyothubutu Kumwacha Muuaji Wake

Katika filamu ya tatu ya mfululizo wa Halloween, Michael Myers, yule muuaji wa barakoa nyeupe aliyezitawala filamu mbili za mwanzo, haonekani popote isipokuwa ndani ya televisheni. Daktari Dan Challis, mhusika mkuu, ameketi baa wakati tangazo linapopita kuwaarifu watu kwamba filamu ya kwanza, ile ya mwaka 1978, itaonyeshwa usiku wa Halloween, sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watoto huvaa barakoa. Kwa tendo hilo dogo mwongozaji Tommy Lee Wallace anatujulisha kwamba katika hadithi yake Myers ni mtu wa sinema tu, na kwamba anayemngoja atoke gizani na kisu mkononi atangoja mpaka taa za ukumbi ziwashwe.

Wengi walimngoja hivyo. Filamu hii, ambayo jina lake kamili ni Halloween III: Season of the Witch, ilitoka Oktoba 1982. John Carpenter na Debra Hill, walioziandika filamu mbili zilizotangulia na ambao safari hii walikuwa watayarishaji, walikusudia kwamba tangu hapo kila mwendelezo usimulie kisa kipya kuhusu usiku wa Halloween. Watazamaji hawakulipokea wazo hilo, mapato yakashuka, na mwaka 1988 Myers akarudishwa, jina lake likiwa limeandikwa kwenye kichwa cha filamu ya nne. Sikatai kwamba waliokata tiketi walikuwa na haki ya kumtarajia. Ninachokataa ni kuendelea kuihukumu filamu hii kwa mtu asiyekuwamo, ilhali aliyemo anatisha kwa namna ambayo Myers hakuwahi kuifikia.

Huyo ni Conal Cochran, mzee mwenye kiwanda cha barakoa za watoto kiitwacho Silver Shamrock, katika mji wa kubuniwa wa Santa Mira, California. Barakoa zake ni za aina tatu: fuvu, mchawi na boga. Nyuma ya kila moja kimebandikwa kibati chenye chipu iliyotiwa chembe ya jiwe lililoibwa Stonehenge, duara la mawe makubwa ya kale huko Uingereza, na tangazo maalumu la televisheni litakalorushwa saa tatu usiku ndilo litakaloiamsha. Hapa ndipo filamu inapoachana na mtindo uliozoeleka. Zamani hofu ilikuwa nje, nyuma ya ua, ikitafuta mlango ulioachwa wazi. Sasa inaingia mchana kweupe, imenunuliwa na mzazi kwa mapenzi yake na kuvalishwa mtoto. Wimbo wa tangazo hilo, uliotungwa kwa lahani ya wimbo wa watoto unaohusu daraja la London, unahesabu siku zilizobaki na kurudiwa mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji huanza kuuogopa kabla hajajua sababu.

Tukio moja linatosha kuonyesha uwezo wa filamu hii. Familia ya muuzaji hodari wa barakoa hizo inaletwa kiwandani na kuingizwa katika chumba kilichopambwa mithili ya sebule. Mtoto, akiwa amevaa boga, anajisogeza karibu na televisheni. Tangazo linaanza kumetameta, mtoto anashika kichwa, anaanguka, barakoa inabonyea taratibu, na kutoka ndani yake wanatambaa wadudu na nyoka huku wazazi wakiwa wamefungiwa humo humo. Sinema za Marekani kwa kawaida humnusuru mtoto dakika ya mwisho. Hii haimnusuru, na Cochran anatazama yote kwa utulivu wa fundi anayejaribu mashine yake. Dan O'Herlihy anamwigiza bila kupaza sauti hata mara moja, kwa tabasamu la babu mwema, na uigizaji huo ndio nguzo ya filamu nzima. Muziki wa vinanda vya umeme wa Carpenter na Alan Howarth unatetema chini kwa chini, na kamera ya Dean Cundey inaacha giza pana pembeni mwa wahusika, giza ambalo jicho haliachi kulichunguza.

Kasoro zipo, na si ndogo. Mapenzi ya Challis na Ellie, binti aliyefiwa na baba yake siku chache tu zilizopita, yanazuka ghafla na hayaaminiki. Marekani ina majira ya saa zaidi ya moja, lakini hakuna anayeuliza hiyo saa tatu ni ya wapi. Hata namna jiwe kubwa kama lile lilivyovushwa bahari, Cochran analikwepa swali hilo kwa kicheko. Inafaa pia kujua kwamba muswada wa kwanza uliandikwa na Nigel Kneale, aliyeliondoa jina lake baada ya kuchukizwa na ukatili ulioongezwa. Mvutano huo unaonekana wazi, kwani hofu inayojengwa polepole na kwa akili hukatizwa mara kwa mara na kichwa kinachong'olewa.

Pamoja na hayo, ningemshauri yeyote aitazame, hasa anayeona kwamba filamu za muuaji na kisu zimekwisha kumchosha. Mwisho wake sitausimulia, ila nitasema kwamba Challis anajikuta katika kituo cha mafuta, watoto waliovaa barakoa wanaingia, televisheni imewashwa, na silaha pekee aliyo nayo ni simu.