Geji 11.6, laptopu 12.0: mchoro mmoja wa waya ulivyoiharibu seti nzuri

Naanza na hasira kwa sababu ndiyo iliyonikalisha kuandika. Seti hii ya sensa ya oksijeni ya waidibendi (ile inayokaa kwenye ekzosi na kukupa uwiano kamili wa hewa na mafuta), yenye geji ya milimita 52, inakuja na karatasi ya mchoro inayokuambia uunganishe waya mweusi na waya wa kahawia, kisha uzifunge zote mbili kwenye bolti yoyote ya bodi iliyo karibu. Usifanye hivyo. Kama ulishafanya, fungua dashibodi leo.

Mweusi ndio unaorudisha umeme wa hita ya sensa, na hita hiyo ikiwa baridi inakula ampea mbili na zaidi. Wa kahawia haubebi umeme wa maana. Kazi yake ni kuipa kompyuta ya injini ile sifuri ya kupimia volti zinazotoka kwenye geji. Ukizifunga pamoja kwenye bolti yenye rangi na kutu chini ya dashibodi, kila ampea inayopita pale inaipandisha sifuri, na kipimo chote kinapanda nayo.

Hesabu yake ni nyepesi. Geji hii hutoa volti 0 kwa uwiano wa hewa na mafuta wa 10, na volti 5 kwa uwiano wa 20; namba ikiwa ndogo mafuta ni mengi, yaani mchanganyiko mzito. Kila volti moja, basi, ni uwiano wa 2. Niliweka ncha moja ya multimita kwenye ethi (upande hasi) ya geji na nyingine kwenye ethi ya sensa za kompyuta, injini ikiwaka, nikapata volti 0.18. Zidisha kwa mbili: 0.36. Ndiyo maana kioo cha geji kinasema 11.6 wakati laptopu, inayosoma kutoka kompyuta ya injini, inasema karibu 12.0. Ukiwasha taa kubwa na feni ya ndani pengo linapanuka, ukizima linapungua. Lingekuwa pengo lililotulia ningeliondoa kwa hesabu ndani ya programu na kuendelea na kazi. Hili linacheza na kila swichi unayoibonyeza.

Na kompyuta iliyowekwa ijirekebishe yenyewe haijui kama imedanganywa. Inaamini 12.0, inaongeza mafuta asilimia tatu hivi ambayo injini haikuyahitaji. Plagi zinatoka zimejaa masizi, moshi unanuka petroli mbichi, na unaanza kulaumu injekta zisizo na hatia. Hapo ni nafuu. Pengo lingekuwa upande wa pili, ethi ya kompyuta ikiwa juu kuliko ya geji, laptopu ingeonyesha mchanganyiko mzito kuliko ulivyo. Mtu angepunguza mafuta huku turbo ikiwa imejaa presha, na pistoni zingeyeyuka juu ya kosa la bolti moja.

Niliwaandikia wauzaji, nikaambatanisha picha ya multimita. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mstari mmoja: “Ndugu mteja, geji yetu haina kosa, mwone fundi wako.” Hakuna aliyeuliza waya zimefungwa wapi. Sidhani hata picha waliifungua. Kosa la mchoro naweza kulisamehe, watu hukosea. Kumrudisha mteja kwa fundi wake wakati karatasi yako mwenyewe ndiyo iliyompotosha fundi, hilo silisamehi.

Dawa yake hii hapa. Kwanza chomoa geji, pima omu kati ya mweusi na kahawia upande wa geji. Kwenye seti hii hazikuungana ndani, kwa hiyo kila waya unaweza kwenda kwake. Wa kahawia unapelekwa kwenye ethi ya sensa za kompyuta, ileile inayotumiwa na sensa ya throto na ya joto la maji. Mweusi unapelekwa kwenye bloku ya injini, pale ethi kuu ya kompyuta ilipofungwa, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Ukiwa na geji ya aina nyingine na multimita ikaonyesha omu karibu sifuri, ujue zimeungana ndani. Hapo usiguse ethi ya sensa kabisa, kwa maana umeme wa hita utapita kwenye njia nyembamba ndani ya kompyuta. Zipeleke zote mbili kwenye bolti ya ethi kuu. Waya wa chanya utoke kwenye mstari unaowaka na ufunguo, wenye fyuzi yake ya ampea 5, na usiuchangie na koili za plagi wala pampu ya mafuta.

Baada ya hapo multimita ilishuka hadi volti 0.01. Geji 11.6, laptopu 11.6, taa ziwake zisiwake. Kazi ya nusu saa.

Sasa kinachonikera zaidi ni kwamba vilivyobaki kwenye boksi ni vizuri sana. Sensa ni Bosch LSU 4.9, na hii ni hatua kubwa kutoka 4.2 ya zamani, ambayo ilitegemea hewa ya nje kama rejea na ilihitaji kupimwa upya hewani mara kwa mara. Geji inaiweka joto lake la kufanyia kazi, nyuzi 780 hivi, haraka bila kusuasua. Ukikanyaga mafuta ghafla namba zinafuata mguu wako. Aliyezoea sensa ya kawaida ya waya nne, inayoruka tu kati ya volti 0.1 na 0.9 kukueleza kama uko juu au chini ya 14.7 (uwiano ambapo hewa na petroli zinaishana sawasawa), ataona kama amevuliwa kitambaa machoni.

Konekta yake usiikate, hata kama waya ni mrefu kupita kiasi. Ndani yake kuna rezista iliyorekebishwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo, na ukiibadilisha umepoteza kipimo. Waya ukizidi, ukunje na uufunge mbali na ekzosi.

Kuhusu kuchomelea, karatasi ina picha moja ndogo kama kucha, basi. Haya ndiyo yaliyotakiwa kuandikwa. Tundu la ekzosi ni milimita 22. Nati ya kuchomelea ina uzi wa M18x1.5, na wakati wa kuchomelea ifunge na kile kiziba chake, la sivyo joto linaupinda uzi na sensa itagoma kuingia. Sensa yenyewe iwe mbali kabisa, iko kwenye boksi lake. Kwenye injini ya turbo ikae baada ya turbo, sentimita 60 hadi 90, na kabla ya katalisti (kisafisha moshi). Kabla ya turbo joto na presha ya moshi vinaipotosha na kuiua. Mkia wa sensa utazame juu, angalau nyuzi 10 kutoka usawa wa ardhi. Ukiifikiria ekzosi kama uso wa saa, iwe kati ya saa nne na saa nane. Nazungumzia saa zetu, ambapo saa sita iko juu kabisa. Ikiwekwa chini ya bomba, maji yanayojikusanya ekzosi ikiwa baridi yatatiririka hadi kwenye seramiki yenye moto, na seramiki itapasuka kama glasi ya chai ya moto iliyomwagiwa maji ya barafu. Kaza kwa nyutoni mita 40 hadi 60. Grisi ya joto iguse uzi tu, sensa mpya huja nayo tayari, na tone moja likifika kwenye matundu ya ncha sensa imeanza kufa.

Gasketi za ekzosi usizipake silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sensa. Petroli yenye risasi nayo inaiua.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wengi na karatasi hailigusi. Sensa hii inapima oksijeni, haipimi petroli. Silinda moja ikimisi, oksijeni yake inatoka bila kuungua na geji inasoma mchanganyiko mwepesi, hata kama silinda hiyo imelowa mafuta. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa ni hivyohivyo, hasa injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, kwa sababu kila pigo la moshi linaacha mvuto nyuma yake unaovuta hewa ya nje. Ukiona 15 na zaidi kwenye mzunguko wa chini na namba zinarudi sawa ukikanyaga, tafuta uvujaji kwanza. Mimina maji ya sabuni kwenye viungo, ziba mkia wa ekzosi kwa kitambaa, angalia povu. Usiguse ramani ya mafuta (jedwali la kiasi cha mafuta ndani ya kompyuta) mpaka umalize hilo.

Na usiendeshe gari sensa ikiwa imefungwa kwenye ekzosi lakini haina umeme. Bila hita masizi yanaiziba. Kama unasubiri geji au fyuzi, itoe, rudisha kiziba.

Nilitaka kutoa nyota moja. Nikitazama sensa na kasi ya geji naona nyota nne ni haki, na kama mtu angeniuliza faragha ningemwambia anunue. Halafu nakumbuka lile jibu la mstari mmoja, na nafikiria fundi anayeanza, anayeuamini mchoro kwa sababu umechapwa kwa rangi, akiitunia injini ya mtu kwa namba zinazocheza na taa. Hapana. Nyota mbili. Sensa ya Bosch inauzwa peke yake, na zipo geji nyingine zinazopeleka namba kwenye kompyuta kwa njia ya CAN, mtandao wa waya unaounganisha kompyuta za gari, ambapo namba zinasafiri kidijitali na ethi mbovu haiwezi kuongeza wala kupunguza uwiano.

Nimeongeza sensa ya pili ya seti hiyohiyo kwa ajili ya ekzosi ya upande wa kulia. Boksi jipya, karatasi mpya, toleo jipya limeandikwa pembeni. Waya mweusi na wa kahawia bado zimechorwa kwenye bolti moja.